Bastola katika Kitambaa cha Kanga



Wapenzi wasikilizaji, Jumapili hii tunawaomba mfungue pamoja nasi Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya ishirini na moja. Wasio na Biblia karibu wasitaabike, kwani habari yenyewe ni fupi, nasi tutaisimulia. Daudi anamkimbia mfalme Sauli. Hana chakula, hana silaha. Anafika Nobu, mji wa makuhani, naye kuhani Ahimeleki anatoka kumlaki huku akitetemeka, maana si desturi mkuu kama yule kusafiri peke yake. Daudi anamdanganya. Anamwambia kwamba ametumwa na mfalme, kwa siri na kwa haraka. Anaomba mikate, anapewa. Kisha anauliza kama mahali pale pana mkuki au upanga. Kuhani anamjibu kwamba upo mmoja tu, ule wa Goliathi Mfilisti, nao umefungwa katika nguo na kuwekwa nyuma ya naivera.

Likumbukeni jambo hilo, tafadhali: silaha imefungwa katika nguo, nayo imo ndani ya nyumba ya kuhani. Tuna sababu yetu ya kuwaomba mlikumbuke.

Ilikuwa jioni ya Jumamosi, katikati ya masika, miaka michache iliyopita. Tulikuwa mezani nyumbani kwetu, mapadre wawili pamoja na katekista aliyekuwa ameleta orodha ya ubatizo. Akabisha hodi mzee mmoja wa parokia yetu, ambaye umri wake umekwisha kupita miaka themanini. Alikuwa na kikapu cha ndizi. Tukadhani ametuletea zawadi, tukaanza kumshukuru hata kabla hajaketi. Yeye hakuitikia shukrani zetu. Aliondoa vichane vya ndizi kimoja kimoja, akavipanga sakafuni, akatoa chini ya kikapu kitambaa cha kanga kilichofungwa fundo, akakiweka mezani kati ya sahani, akakifungua.

"Baba," akasema, "niliifungua nipate kuisafisha. Sasa imekataa kurudi."

Ndani ya kitambaa mlikuwa na vipande vya chuma cheusi: mpini wenye kifyatulio, kifuniko kirefu cha juu, mtutu mfupi uliolingana na kidole cha mtu, springi ndefu, kofia ndogo ya mviringo, na magazini tupu. Ilikuwa bastola, au kwa usahihi zaidi, ilikuwa imekuwa bastola hadi asubuhi ya siku ile.

Ujanani mzee huyu alikuwa karani katika shamba la katani. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 meneja wa shamba, Mzungu, alirudi kwao, akamwachia bastola ile kwa barua na kwa idhini ya polisi. Na tangu hapo mzee ameilipia leseni bila kukosa. Ni bastola ya Kibelgiji, ya muundo wa mwaka 1910, uliobuniwa na Mmarekani John Moses Browning na kutengenezwa katika kiwanda cha Herstal, kando ya mji wa Liège. Kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini mzee aliipangusa nje kwa kitambaa na mafuta ya cherehani, kisha akairudisha chini ya godoro. Hakuwahi kuifungua. Lakini mwezi uliotangulia, wezi wenye mapanga walikuwa wamelivamia duka la jirani yake na kumjeruhi mwenye duka mkononi. Mzee akaitoa bastola yake, akaona kutu mdomoni mwa mtutu, akaingiwa na hofu mbili kwa pamoja: aliwaogopa wezi, na aliogopa kwamba siku watakapokuja chuma chake hakitamtii.

Akakumbuka jinsi meneja alivyokuwa akifanya. Katika bastola za muundo ule springi imeuzunguka mtutu, nayo imezuiwa kwa mbele na ile kofia ndogo. Mtu huibonyeza kofia kwa kidole gumba, huizungusha robo ya mzunguko, kisha huiachia polepole sana huku akiendelea kuibana, kwa kuwa nyuma yake kuna nguvu inayotaka kutoka. Mzee alibonyeza, akazungusha, akaachia. Kofia ikampita sikioni, na springi ikarukia nyuma ya magunia ya mahindi. Akaendelea kwa ukaidi wa wazee, akakivuta kifuniko, akauzungusha mtutu, vyote vikaachana. Akamwita mjukuu wake, mtoto wa miaka sita, aingie nyuma ya magunia aitafute springi, na mtoto akaileta. Kazi ya kufungua ilichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kazi ya kufunga ilimshinda tangu asubuhi hadi jua kuchwa.

Tukasogeza sahani pembeni, tukaijaribu sisi. Katekista wetu ni fundi baiskeli, na fundi baiskeli haamini kwamba kuna kitu kilichofunguka kisichoweza kufungwa. Mtutu ule una meno madogo chini yake, nayo lazima yaingie katika mifuo yake ndani ya mpini. Lakini hayaingii mpaka kifuniko kivutwe na kushikwa mahali pake hasa, wala si mbele kidogo wala si nyuma kidogo, ndipo mtutu uzungushwe ukae. Mkono mmoja unashika mpini, wa pili unashika kifuniko, na mkono wa tatu, ambao Muumba hakutupa, ndio ungetakiwa kuzungusha mtutu. Tulipofaulu hapo, kwa jasho, ikabaki springi, ambayo ni ndefu kuliko nafasi iliyoachiwa. Mara ya kwanza ilichomoka ikagonga dari. Mara ya pili ilitua katika bakuli la mchuzi. Mmoja wetu akasema kwamba hapa pana mahubiri mazuri juu ya kitubio, jinsi moyo unavyofunguliwa, unavyosafishwa na kufungwa upya. Tulimkatalia. Moyo wa mtu haukutengenezwa Herstal, nasi hatupendi mifano inayojileta yenyewe mezani.

Mzee alikuwa akitutazama tu. Hatimaye akasema lile lililomleta. Hakuwa amekuja kutafuta fundi. Alitaka bastola ikae kwetu, ifungike au isifungike, ndani ya nyumba ya mapadre, na watu waendelee kuamini kwamba iko chini ya godoro lake. "Wakijua kwamba imevunjika, Baba, wamejua sina kitu. Na hapa hapaibwi."

Kabla hatujamjibu, katekista alikwisha kutuma mtu akamwite mwanajeshi mstaafu ambaye siku hizi ni mlinzi wa ghala karibu na kanisa. Alikuja na koti la mvua, akasimama mlangoni, akatazama meza, wala hakusogea. Alitusalimu kwa heshima zote, kisha akauliza, "Risasi ziko wapi?"

Ndugu wapenzi, tunalikiri jambo hili mbele yenu na mbele ya Mungu. Tulikuwa tumekaa na vipande vile kwa saa nzima. Tulivigeuza, tulipokezana, mmoja wetu (hatutasema ni yupi) alichungulia ndani ya mtutu kwa jicho moja aone kama ni safi. Na hakuna hata mmoja, si padre wala katekista, aliyeuliza swali lile.

Mzee akatoa mfukoni kikopo cha dawa ya meno ya unga, akamimina risasi juu ya kitambaa. Zilikuwa sita. Mwanajeshi akauliza magazini inabeba ngapi. Mzee akajibu, saba. Na yeye siku zote huijaza saba, tangu siku aliyoachiwa. Mwanajeshi akatikisa kichwa. "Basi ya saba ilikuwa chemba." Akatueleza kwa sauti ya upole, kama mwalimu wa wajinga. Mtu anapochomoa magazini hudhani bastola ni tupu. Lakini kama zamani, labda usiku mmoja wa hofu, aliwahi kuvuta kifuniko na kukiachia, risasi moja ilipanda na kukaa ndani ya mtutu, nayo haitoki pamoja na magazini. Ndiyo sababu jeshini mtu hufundishwa kwanza kuchomoa magazini, kisha kuvuta kifuniko nyuma, kisha kutazama ndani kwa macho yake, na gizani kupapasa kwa kidole kidogo. Na ni baada ya hayo tu ndipo aguse kitu kingine chochote. Mzee alikuwa ameanza na kofia. Alipokivuta kifuniko, risasi ile ilidondoka bila yeye kuiona, kwa sababu macho yake yalikuwa yakiitafuta springi.

Miaka mingapi alikuwa ameilalia hivyo? Alijaribu kuhesabu, akaacha.

Tukavaa makoti, tukachukua tochi, tukaenda nyumbani kwake katika mvua. Tulitafuta nyuma ya magunia, chini ya kitanda na katika nyufa za sakafu. Jikoni mwanajeshi alichokonoa majivu kwa kijiti, mafiga yote matatu, wala hakutuambia kwa nini anaanzia hapo. Hakukuwa na haja. Binti wa mzee, mama wa yule mtoto, alikuwa amesimama na taa. Ndiye aliyekumbuka. Akaenda kwenye mkeka alipolala mwanawe, akainua gari la boksi la maziwa lenye magurudumu ya vizibo vya soda. Mbele, mahali pa dereva, alikuwa ameketi mtu mdogo wa shaba aliyefungwa kipande cha kitambaa shingoni, kama skafu.

Mtoto alikuwa ametumwa kutafuta springi. Aliileta springi, na kile kingine alichokiona aliona ni chake. Mama yake alikaa chini sakafuni, gari likiwa mapajani, akakaa kimya kwa muda mrefu.

Baadaye tulisoma kwamba bastola ya muundo ule ilisifiwa kwa kuwa na vizuizi vitatu vya usalama: kitufe cha kidole gumba, kibano cha nyuma ya mpini kinachoizuia isifyatuke mpaka ishikwe barabara, na kingine kinachoifunga magazini inapotolewa. Ni kazi ya ufundi mkubwa. Tunawastahi waliobuni. Lakini vyote vitatu vinamlinda mtu aliyeishika bastola, na mjukuu wa mzee wetu hakuishika bastola. Yeye alimpata dereva wa gari lake.

Tulisoma pia jambo jingine. Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, kijana wa miaka 19, Gavrilo Princip, alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria, pamoja na mkewe Sophie. Bastola aliyotumia ilikuwa ya muundo huohuo wa 1910, kutoka kiwanda kilekile. Hatusemi kwamba chuma kile ndicho kilichozaa vita vile. Wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekwisha kukusanya kuni kwa miaka mingi. Lakini kabla ya mwaka kwisha moto ulikuwa umefika kwetu. Novemba 1914 watu walikuwa wakiuana Tanga, na hapakuwa na babu wa kwetu aliyelijua jina la Franz Ferdinand. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu wakibeba mizigo ya vita vya watu wengine, mpaka Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Wanaokwenda sokoni Kariakoo leo wanalitamka jina la kikosi cha wapagazi wale kila wanapomwambia kondakta washushwe wapi.

Na bastola ya Princip ilikwenda wapi? Hapo ndipo tuliposhtuka. Iliingia mikononi mwa padre. Mjesuiti mmoja wa Sarajevo, Anton Puntigam, aliyewahudumia marehemu wale katika saa yao ya mwisho, aliihifadhi pamoja na vitu vingine vya siku ile, akitumaini kuanzisha makumbusho. Makumbusho hayakuanzishwa. Padre Puntigam akafariki, na silaha ikabaki katika mali ya shirika lake, ikiwa karibu imesahauliwa, mpaka mwaka 2004 Wajesuiti walipoikabidhi kwa Makumbusho ya Historia ya Kijeshi mjini Vienna. Muda wa miaka tisini tangu risasi zile zilipolia.

Hatumcheki Padre Puntigam. Nyumba za mapadre ndivyo zilivyo. Watu hutuletea hati za mashamba, funguo, fedha za mahari, barua za watoto waliopotea, wakiamini kwamba kilichowekwa hapo kimetulia. Nasi hupokea. Hatuulizi sana, kwa sababu kuuliza sana huonekana kama kutomwamini mtu. Ahimeleki naye hakuuliza sana. Alimwona mtu mwenye njaa na hofu, akampa mkate na upanga.

Turudi basi Nobu. Daudi yuleyule, sura nne tu kabla ya hapo, alivikwa mavazi ya vita ya Sauli, dirii na chapeo ya shaba, akajifunga upanga, akajaribu kutembea, akashindwa. Hakusema kwamba mavazi ni mabaya. Alisema hajayazoea, akayavua, akaenda bondeni kwa kombeo na mawe matano. Tunapenda kukumbuka mawe; tunasahau ule unyofu wa kusema, hiki nimekivaa lakini sikijui. Sasa huku Nobu ameusahau yeye mwenyewe. Anaambiwa kuna upanga wa Goliathi, naye anajibu kwamba hakuna mwingine kama huo, apewe. Nini kilichombadilisha? Si Goliathi, kwa maana Goliathi amekufa. Ni usiku mingi ya kukimbia.

Na palepale Nobu, siku ile, alikuwapo mtu mmoja aliyeona kila kitu, Doegi Mwedomi, mchungaji wa Sauli. Akaenda akasema. Sauli akawaita makuhani, na kwa mkono wa Doegi wakauawa siku moja watu themanini na watano wanaovaa naivera ya kitani, kisha mji wao ukapigwa, wanawake kwa watoto. Akaponyoka mwana mmoja wa Ahimeleki, jina lake Abiathari, akamkimbilia Daudi. Daudi hakujitetea. Alikiri mbele ya kijana yule kwamba yeye ndiye aliyesababisha kufa kwa watu wote wa nyumba ya baba yake, tena kwamba siku ile alimwona Doegi pale, akajua. Alijua, na bado aliondoka na upanga.

Tuliporejea nyumbani usiku ule, mwanajeshi alinawa mikono, akatandika kitambaa cha kanga juu ya mapaja yake, ili kitakachoruka kikamatwe, akaifunga bastola katika muda usiofika dakika tano. Aliukalisha mtutu, akakiingiza kifuniko, akaibana springi kwa kidole gumba huku kofia akiifunika kwa pindo la kitambaa, akazungusha, ikalia kidogo. Akavuta kifuniko mara tatu, akatuonyesha ndani. Tupu. Mzee akaishika, na uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu alipoingia. Tunakiri kwamba wakati ule tulitamani kumwachia. Ilikuwa mali yake, kwa sheria na kwa leseni, na wezi wa mwezi uliopita hawakuwa hadithi.

Hatukumwachia kimya, lakini. Tulimwambia kwanza kwamba haitakaa kwetu. Sheria haituruhusu kuhifadhi silaha ya mtu mwingine, na hata ingeruhusu tungekataa. Tukamwambia pia tunayoyafikiri juu ya chuma ambacho mwenyewe hajui kina nini tumboni. Alikasirika. Alituuliza, "Na wakija usiku, Baba, mtakuja ninyi?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Ni wepesi sana sisi wahubiri kumwambia mtu aweke upanga alani, kisha tukaenda kulala nyuma ya milango ya chuma. Asubuhi, baada ya Misa ya kwanza, tuliwaeleza viongozi wa jumuiya yake, bila kuitaja bastola, kwamba mzee na binti yake wanaogopa usiku. Wakanong'onezana. Wengine walisema wana watoto wao wa kulinda, na si uongo. Mwishowe vijana wanne walikubali kulala pale kwa zamu, wawili wawili, na mwenye duka aliyejeruhiwa, mkono wake ukiwa bado katika bendeji, akaahidi kufunga taa kubwa katikati ya nyumba zao mbili kwa umeme wake. Si jeshi kubwa. Juma la kwanza kijana mmoja hakutokea kabisa, ikabidi katekista aende mwenyewe na godoro lake.

Jumatatu ya juma lililofuata mzee alikuja na kikapu kilekile. Hatukuwa tumemwita. Tulikwenda naye mpaka kituo cha polisi, kwa miguu, yeye akiwa katikati. Pale kaunta alieleza kwamba amezeeka, macho hayaoni vema, hataki tena kuihuisha leseni. Askari wa zamu alifungua fundo, akachomoa magazini, akavuta kifuniko, akatazama ndani. Tuliona mwanajeshi wetu akitikisa kichwa kwa kuridhika. Akaandika namba ya bastola katika kitabu, akazihesabu risasi kwa sauti mpaka ya saba, akaandika na hiyo, akauliza kama kuna kitu kingine.

Mzee akasema kitambaa kilikuwa cha marehemu mkewe, akaomba arudishiwe. Askari akakikung'uta, akakikunja mara nne, akampa kwa mikono miwili.